Tupeane uzoefu: gesti na hosteli za bei ya chini Guangzhou, China, ulilala wapi na ulikutana na nini?

Mama Mzigo (Kariakoo)

Habari zenu wakuu. Maonyesho ya biashara ya Oktoba (Canton Fair) yanakaribia na vijana wananiuliza swali lile lile: wakifika Guangzhou kufuata mzigo walale wapi bila kumaliza mtaji? Tiketi wameshapigia hesabu, viza wameshapigia hesabu, ila kuhusu malazi wanaambiwa tu "utapata hukohuko". Jibu hilo silipendi. Mtu ambaye hakulala hawezi kupatana bei, na mwenye duka anamjua tangu anaingia mlangoni. Naomba kila aliyekwenda aandike lililomkuta, zuri na baya.

Naanza mimi. Huwa nafikia mtaa wa Xiaobei, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi, laini namba 5. Pale hukosi mtu wa kuongea naye Kiswahili, mawakala wa mizigo wapo, chakula cha kwetu kinapatikana, na masoko ya nguo ya karibu na stesheni kuu ya reli hayako mbali. Chumba changu cha kwanza kilikuwa kisafi, maji ya moto saa zote, ila hakina dirisha. Vyumba vya namna hiyo viko vingi kule, ndivyo vya bei ya chini kabisa, na kwenye tangazo huwa wameandika. Sasa mtu katoka Dar, saa za kule ziko mbele yetu kwa saa 5, mwili bado unahesabu usiku wa kwetu, halafu anaamka kwenye giza totoro. Huwezi kujua kama ni alfajiri au saa nane mchana mpaka ushike simu. Taa, soketi na kiyoyozi vinafanya kazi ukichomeka kadi ya chumba ukutani. Ukitoka nayo umeme unakatika, na kama kuna simu uliiacha kwenye chaji unaikuta vilevile.

Chenye dirisha kilizidi kwa yuani 20 au 30 hivi. Siku hizi nailipa na wala sifikirii mara mbili. Wengine mnasemaje?

Msafiri wa Mwembe Tayari

Mama, shukrani kwa kuanzisha mada hii.

Yangu ni ya Aprili, wakati wa Canton Fair. Maonyesho haya hufanyika mara mbili kwa mwaka kule Pazhou, humohumo Guangzhou: Aprili hadi mwanzo wa Mei, kisha Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Siku hizo vyumba hupanda bei mji mzima. Nilikuwa nimelipia hosteli mapema kwa simu. Nafika saa tano usiku, treni zinakaribia kufunga, kijana wa mapokezi akaiangalia pasipoti yangu akatikisa mkono. Nikamwonyesha malipo. Akaandika kwenye programu ya kutafsiri: hatupokei wageni wa nje, hatuna kibali.

Jamani, kusimama na begi usiku kwenye mji wa watu zaidi ya milioni 18, mji ambao huwezi kusoma hata kibao kimoja, kunaumiza. Pesa nilirudishiwa baadaye, lakini usiku ule hazikuwa na msaada. Aliyenisaidia ni msichana mmoja Mchina, mgeni kama mimi, aliyekuwa sebuleni anakula tambi. Aliinuka, akapiga simu gesti mbili tatu akiuliza kama wanapokea pasipoti, akapata moja, akaniandikia anwani kwa herufi za Kichina nimwonyeshe dereva wa teksi. Jina lake sikulijua. Kila nikifika Guangzhou namwombea heri.

Mwaka 2024 serikali ya China iliagiza hoteli zisimkatae mgeni wa nje kwa kisingizio cha kukosa kibali, na mimi mwenyewe nimeona mabadiliko makubwa. Lakini kwenye vigesti vidogo bado nakutana na wahudumu wasiojua namna ya kuingiza pasipoti kwenye mfumo wao, na asiyejua hukataa. Kabla hujalipa, mwandikie mwenye gesti umuulize kama anapokea pasipoti ya kigeni. Akujibu kwa maandishi, na jibu ulihifadhi kwenye simu.

Mtoto wa Lubumbashi

Jambo bandugu. Niwaeleze huo mfumo, maana watu wengi wanauona ni ubaguzi mtupu. Sheria inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala. Ukilala hotelini au hosteli, mapokezi ndio wanakufanyia hiyo kazi, na ndiyo sababu wanaipiga picha pasipoti yako. Ukilala nyumbani kwa rafiki, inabidi mjiandikishe wenyewe kituo cha polisi cha mtaa. Ukiacha, faini inaweza kufika yuani 2,000.

Binamu yangu alikuja kutoka Foshan, mji jirani, akataka alale chini chumbani mwangu tuokoe pesa. Mama wa mapokezi akamfuata hadi kwenye lifti akamzuia. Binamu alikasirika sana, akasema wanatudharau. Mimi nilimwona yule mama anailinda kazi yake na anatulinda na sisi. Tukarudi, pasipoti ikaandikwa, tukaongeza pesa kidogo, tukalala bila hofu ya kugongewa mlango. Kama unafikiria kuongeza muda wa viza, omba mapokezi wakutolee ile karatasi ya uandikishaji, maana utaulizwa.

Binti wa Mbagala

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naenda mara ya kwanza, nauza mikoba na vipodozi. Bweni nimeliona ni nusu ya bei ya chumba, lakini kulala na watu nisiowajua, tena labda wanaume, kunanitia woga. Kuna dada aliyewahi?

Dada wa Wuhan

Mdogo wangu, mimi nasoma Wuhan na likizo zangu karibu zote nimelala mabwenini, kwa hiyo niulize mimi.

Hosteli nyingi za vijana zina bweni la wanawake peke yao. Chagua hilo wakati wa kulipia, usisubiri ukifika. Vitanda ni vya deka, vingi vina pazia, taa ndogo na soketi yake pale kichwani. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kule, kwa hiyo nunua adapta kabla ya safari. Kabati la chuma lipo ila kufuli mara nyingi ni lako. Pasipoti na pesa nilikuwa nalala navyo kwenye mkoba wa kiunoni. Usiache ndala wala taulo, na usishangae choo cha kuchuchumaa. Maji ya moto ya kunywa yapo bure koridoni mchana na usiku. Wenzetu hawanywi baridi, na ukiwa na kikombe na majani yako ya chai hutahangaika.

Hosteli ninayoikumbuka kwa mapenzi iko Beijing, ndani ya zile nyumba za zamani za vichochoroni wanazoziita hutong. Ilikuwa Januari, nje maji yameganda, ila ndani joto, kwa sababu Beijing wanawasha joto la mabomba kwa mji mzima kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. (Guangzhou hakuna huo mfumo. Ukienda Januari chukua sweta, maana usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 na kuta hazizuii baridi.) Kitanda cha chini yangu alilala mama mtu mzima kutoka mkoa wa Gansu, kaja kumuuguza mwanawe hospitalini. Kichina changu kilikuwa bado cha kubabaisha. Kila jioni alinimenyea chungwa, ananipa, halafu ananihadithia ya hospitali polepole ili nielewe. Siku mwanawe aliyopasuliwa hakurudi usiku, na bweni zima tulikaa macho, wasichana wa mikoa tofauti ambao siku ile ndiyo kwanza tumejuana. Alirudi asubuhi anacheka na kulia. Chumba cha peke yangu kisingenipa hilo.

Mpemba wa Darajani

Assalaam alaykum. Nami nataka kusema juu ya unyevu, hakuna aliyeugusa.

Mwezi Machi Guangzhou kuta zinatoa maji. Upepo wa joto wa kusini unaingia kwenye nyumba zilizobaki na baridi ya kipupwe, basi sakafu, vioo, hata shuka vinakuwa majimaji. Hosteli ina mashine ya kufulia lakini ya kukaushia mara nyingi hamna. Kanzu yangu ilitundikwa siku na siku na ikaanza kunuka. Anayekwenda msimu huo aulize kama chumba kina kiyoyozi cha kukausha hewa, na nguo azichukue nyepesi. Chumba cha chini kabisa asikikubali.

La pili ni ibada. Kutoka Xiaobei unaweza kutembea kwa miguu hadi msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo Waislamu wa pale wanaamini ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa unakutana na watu wa kila bara, na nje kunauzwa nyama na mikate ya halali. Bwenini mimi niliwaeleza wenzangu kwa simu ya kutafsiri kwamba alfajiri nitaamka kuswali. Mmoja akahamisha begi lake ili nipate nafasi ya mswala. Heshima ile sikuitarajia, na Allah amlipe.

Msafiri wa Mwembe Tayari

Binti wa Mbagala, jingine: programu za malipo zipange ukiwa bado nyumbani. Alipay na WeChat zinakubali kadi za Visa na Mastercard za huku. Kwenye Alipay, malipo ya chini ya yuani 200 hayakatwi ada, ukizidisha wanakata asilimia 3. WhatsApp na Google hazifunguki kwa Wi-Fi ya hosteli, lakini laini yako ya nyumbani ikiwa imewashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, zinafunguka. Dipoziti ya chumba dai risiti, na siku ya kuondoka shuka mapema, maana mhudumu atapanda kukagua chumba kwanza.

Binti wa Mbagala

Nashukuru sana, nimeandika yote kwenye daftari. Nikitoka kwenda Yiwu, ule mji mwingine wa masoko ya jumla, siku mbili, mizigo niliyonunua naiacha wapi?

Mama Mzigo (Kariakoo)

Mwanangu, mapokezi wanatunza mabegi ya mgeni, wengi bila malipo. Funga, andika jina lako na namba ya pasipoti juu ya begi, piga picha. Bidhaa zenyewe zisikae hosteli kabisa, mwambie mwenye duka azipeleke moja kwa moja ghalani kwa wakala wako. Na huko Yiwu utaandikishwa upya, kwa hiyo pasipoti usiiache Guangzhou.