Mauser 71, Gewehr 98 au Lee-Enfield: ipi ilimfaa zaidi askari wa 1914?

mpitanjia_Posta
Wakuu, habari za leo. Kila siku napita pale kwenye Sanamu ya Askari, Samora, namtazama alivyoielekeza bayoneti bandarini. Yule ni wa upande wa Mwingereza, aliwekwa pale 1927. Lakini babu zetu wengine walikuwa upande wa pili, kwa Mjerumani, na nasikia wengi wao waliingia vitani 1914 na Mauser ya 1871, ile ya kuweka risasi moja moja. Naomba tulinganishe: Mauser 71, Gewehr 98 ya Mjerumani iliyokuja baadaye, na Lee-Enfield ya Mwingereza. Ipi ilikuwa afadhali kwa mtu aliyekuwa porini? Na kwa nini Mjerumani aliwaachia watu wake silaha ya zamani kiasi hicho?

baruti_nyeusi
Mkuu, nianze na 71, maana wengi huidharau bila kuijua. Iliundwa na ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser. Kabla yake jeshi la Prussia lilikuwa na bunduki ya sindano ya Dreyse, tangu 1841. Risasi yake imefungwa kwa karatasi. Ukivuta kifyatulio, sindano ndefu inatoboa karatasi na baruti mpaka kwenye fataki. Gesi ya moto ilivuja nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji, na sindano ilivunjika mara kwa mara. Vitani mwaka 1870 wakakutana na Chassepot, bunduki ya Wafaransa inayopiga mbali kuliko yao, wakaumia sana.

Mauser wakaichukua ile bolti inayokwenda kama komeo la mlango: inua, vuta, sukuma, shusha. Wakaitengenezea risasi yenye ganda la madini, milimita 11. Baruti ikiwaka ganda linatanuka na kuziba nyuma, kwa hiyo moto haukufuati tena usoni. Ukiinua mkono wa bolti, bunduki inajikoki yenyewe kwa mlio unaofuata. Na lile bawa dogo la usalama kwenye mkia wa bolti, Gewehr 98 bado inalo miaka 27 baadaye. Mtu akisema 71 ni takataka, mwambie atazame hapo kwanza.

shabaha_Stuttgart
Nakubaliana na baruti_nyeusi, ila niongeze la mikononi. Niko Ujerumani, na kwenye klabu yetu ya shabaha kuna mzee mwenye 71 aliyoniachia nipige risasi nne. Kwanza, ni nzito, kama kilo 4 na nusu, na toleo la askari wa miguu linapita mita 1.3 kwa urefu. Kichwa cha risasi ni madini ya risasi matupu, gramu 25. Bega linasukumwa taratibu lakini kwa nguvu, kama mtu anayekusukuma mlangoni kwa bega lake.

Sasa kasoro. Kuna kucha inayolivuta ganda kutoka kwenye mtutu, lakini hakuna kitu cha kulirusha nje. Ukivuta bolti, ganda linakaa palepale. Inabidi uilaze bunduki upande lianguke, au ulitoe kwa vidole, na vidole vinaungua. Ndipo utie mkono mfukoni kutafuta nyingine. Nilipotaka kutazama kama nimepiga shabaha, sikuiona shabaha. Moshi mweupe ulisimama mbele yangu, na siku ile hapakuwa na upepo.

mwalimu_Iringa
Hicho cha risasi moja moja huku kwetu tuna kumbukumbu yake. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, kikosi cha Zelewski, kamanda wa Mjerumani, kilikuwa kwenye safu ndefu njiani, askari wana Mauser hizohizo. Wahehe wakatoka kwenye majani na miamba na mikuki. Wengi hawakuwahi hata mlio wa pili. Zelewski mwenyewe alikufa pale, na bunduki zikawa mali ya Mkwawa. Ukiwa mbali na una nafasi, 71 inatisha. Adui akiwa hatua kumi, umeshika rungu lenye bayoneti.

Kuhusu kwa nini waliachiwa za zamani: jeshi lile halikuwekwa kupigana na Wazungu wenzao. Liliwekwa kututawala sisi. Kwenye Maji Maji, 1905 hadi 1907, 71 na bombomu (bunduki za rashasha) vilitosha dhidi ya magobore na mikuki, na watu wetu walikufa kwa maelfu. Kuwagawia bunduki mpya kulikuwa kumeanza, vita vikawakuta katikati ya zoezi.

Mvita_001
Shikamoo mwalimu. Mimi kura yangu Lee-Enfield, wala sisiti. Risasi 10 ndani, unazishindilia tano tano kwa kibanio. Bolti yake ni fupi na nyepesi, mkono hauondoki mbali na kifyatulio. Baruti haitoi moshi wa kukuumbua. Kumlinganisha huyu na mwenye 71 ni kumlinganisha mwenye mashua ya injini na mwenye ngalawa.

mwalimu_Iringa
Marahaba. Lakini Tanga, Novemba 1914, wenye Lee-Enfield walikuwa kama 8,000 na walirudi baharini mbele ya watu wasiozidi elfu moja na mia chache. Uongozi mbovu na mipango ya hovyo havitibiwi na bolti laini.

dada_Pangani
Ni kweli mwalimu, ila tazama kilichofuata palepale Tanga. Mwingereza aliacha mamia ya bunduki na risasi 600,000. Kampuni tatu za askari ziliweka chini 71 zao na kuchukua za Mwingereza. Nani angewalazimisha kuacha silaha nzuri? Tena Aprili 1915 meli ya mizigo ya Mjerumani, Rubens, ilipenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza ikaipiga mizinga palepale, lakini mzigo mwingi ukaopolewa, pamoja na bunduki za kisasa 1,800. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Walizifungua moja moja, wakaanika baruti, wakazifunga upya.

Na kuna mtu tunayemsahau, mpagazi. Kichwa cha risasi ya 71 ni gramu 25, cha Gewehr 98 ni gramu 10 hivi. Mzigo uleule kichwani mwa mpagazi unabeba milio mingi zaidi ya 98. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, pande zote mbili, na jina Kariakoo limetoka kwa hao wa Mwingereza. Mimi 71 naikataa kwa ajili yao kabla hata ya kufika kwenye moshi.

shabaha_Stuttgart
Dada, hoja ya mpagazi sikuwahi kuifikiria. Nimekuelewa.

baruti_nyeusi
Nami naiheshimu. Basi kwa 1914 nachagua Gewehr 98: risasi tano tu, lakini bolti ina meno mawili makubwa ya kuifunga mbele na la tatu la akiba, na kucha inalishika ganda tangu linapotoka magazini. Kwa uimara naiweka juu ya Lee-Enfield. Kwa kasi, Mvita yuko sawa. Ila 71 isihukumiwe kwa vita ambavyo haikutengenezewa. Mwaka 1914 huohuo watu wa Ireland walishusha 900 za aina hii bandarini Howth, nao wakazitumia Dublin 1916 kwenye uasi dhidi ya Mwingereza. Ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa bado inafyatua.

mpitanjia_Posta
Wakuu, nimeshiba. Mimi nahamia kwa dada_Pangani. Swali la mwisho: mpaka mwisho wa vita walibaki na ipi?

mwalimu_Iringa
Walibaki na ile waliyoweza kuipatia risasi. Walipovuka Ruvuma, Novemba 1917, waliwapiga Wareno Ngomano, Msumbiji, na kuchukua bunduki na risasi zao. Tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposalimisha jeshi pale Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, askari waliweka chini bunduki zaidi ya elfu moja. Zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.