Mrejesho: Injinia wa umeme niliyetaka kwenda Ujerumani

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka jana niliuliza: mtu aliyeanzia VETA, akasoma FTC (cheti cha fundi sanifu), akaja kupata digrii ya umeme na miaka 33, aende Ujerumani kwa masters au atafute kazi moja kwa moja? Nimerudi kama nilivyoahidi.

Masters niliachana nayo. Kuweka yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu ambayo viza ya mwanafunzi inadai, ningeuza hadi kiwanja cha mzee. Nikafuata ushauri wa kuomba ZAB, ofisi ya Ujerumani inayolinganisha vyeti vya nje na vya kwao, watathmini digrii yangu kwanza. Ada yuro 208, cheti kikatoka. Uliyenisisitizia hili, Mungu akuzidishie.

Kijerumani ndicho kilinitoa jasho. Mtihani wa B1 (ngazi ya kati) wa taasisi ya Goethe nilifeli kuongea, mdomo uliganda kabisa. Nafuu ni kwamba mtihani una sehemu nne na unaweza kurudia uliyofeli tu. Mara ya pili nikapita.

Kazi nimepata, ila si ya uinjinia: ni fundi sanifu kwenye vituo vya kupoza umeme. Tangu Novemba 2023 sheria yao hailazimishi kazi ya kitaalamu ilingane na digrii yako, ndiyo maana viza ilitoka. Na wale mlioniambia FTC ilinipotezea muda: usaili karibu wote uliulizia kazi za mikono, relei (swichi za kulinda mitambo) na ethi (waya wa kwenda ardhini), digrii hawakuigusa!

Nawashukuru sana. Niko Dortmund, baridi si mchezo, na maombi ya uinjinia bado natuma.