Mtu yuko dirishani, mwanga uko mgongoni: nipime wapi kwenye dijitali?

MzeeWaNegativu
Wakuu, naomba mnielekeze. Nimetokea kwenye filamu, negativu za rangi na Canon AE-1. Mtu akisimama dirishani nilikuwa nasogea, napima uso, naweka apacha (tundu la lenzi) kwa mkono, narudi nyuma, nafyatua. Nikiwa na haraka nabonyeza kile kitufe cha mwanga wa nyuma, kamera inaongeza stopu moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili), biashara imeisha. Filamu ya Portra 400 naipiga kama ISO 200, yaani naizidishia mwanga stopu moja, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa nina kamera ya dijitali na bado napima uso. Uso unatoka safi, ila dirisha linakuwa shimo jeupe, pazia halipo, ukingo wa nywele na bega umeliwa. Nikishusha mpaka pazia lirudi, uso unazama, na nikiunyanyua kwenye kompyuta unajaa chenga. Nipime wapi? Au ndiyo nibebe flashi kila mahali?

FundiKivuli
Mkuu, negativu na sensa, kile kinachonasa picha kwenye dijitali, hazifi upande mmoja. Negativu ukiizidishia mwanga inajaa taratibu, ndiyo maana stopu mbili za ziada zilikuwa zinapita kimya. Ukiinyima ndipo unaumia: kivuli ambacho hakikuingia kwenye filamu, hakuna maabara ya kukirudisha. Sensa ni kinyume. Pikseli ikishajaa imejaa, hakuna mteremko pale juu. Lakini huku gizani kuna mengi ya kuokoa, mradi unapiga RAW, faili ghafi la sensa. Kama uliwahi kupiga filamu ya slaidi, Velvia kwa mfano, ambayo nayo haisamehi mwanga ukizidi, nidhamu unayo tayari.

Ila wale wanaohubiri "linda weupe wote" siwaelewi. Jiulize, weupe upi una kitu ndani yake? Anga tupu, balbu, jua lenyewe: acha viungue. Mikunjo ya pazia, shela ya bibi harusi, ukingo wa shavu: hivyo usivipoteze.

Kwa hiyo weka kipimo cha doa (kinachopima sehemu ndogo tu ya picha) kwenye weupe mkali kuliko wote ambao bado unataka uonekane nyuzi, kisha ongeza stopu mbili juu ya anachosema kipima mwanga. Yeye anadhani kila kitu ni kijivu cha kati. Ukimfuata, pazia jeupe linatoka kijivu na uso unazama bure.

Chukua f/4, ISO 400. Uso unasoma 1/60 ya sekunde, pazia linasoma 1/1000. Ni stopu nne. Pazia ukiliongezea mbili unafika 1/250, na uso umebaki chini kwa mbili tu. Kama mtu wako ni mweusi, pungufu halisi ni kama stopu moja, maana ngozi yake haitakiwi kutoka kijivu cha kati hata siku moja. Hiyo RAW inaibeba bila jasho. Nahisi chenga zako zimetokana na kulifuata pazia lilivyosoma, bila kuliongezea chochote.

Kamera_na_Harusi
Fundi yuko sawa kwa dirisha. Tofauti ikifika stopu sita, jua kali nje na mtu kivulini ndani, hapo usijidanganye na kompyuta: reflekta au flashi. Flashi iweke chini ya mwanga uliopo kwa stopu moja hivi, isije ikajionyesha. Kumbuka pia kikomo cha kasi ya shata ukitumia flashi, kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Mchana kwa f/2.8 utakigonga mapema, utahitaji filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) au usawazishaji wa kasi (flashi kufanya kazi juu ya kikomo hicho), ambao unakula nguvu ya flashi vibaya sana.

MzeeWaNegativu
Asanteni, stopu mbili zimefanya kazi, pazia limerudi. Swali jingine: histogramu, ule mchoro wa kamera wenye giza kushoto na weupe kulia, imejibana kulia kabisa, lakini nikifungua RAW mikunjo ipo yote. Nimwamini nani?

FundiKivuli
Amini RAW. Histogramu ya kamera inachorwa kutoka kwenye JPEG, na JPEG imeshapikwa kontrasti. Weka mtindo wa picha ulio laini, utakaribia ukweli. Na uangalie ile ya rangi tatu, si ile moja ya jumla. Jua la jioni likiwa nyuma ya nywele, nyekundu inaungua ya kwanza huku ile ya jumla imetulia tuli. Ukirudi nyumbani unakuta ukingo wa sikio umekuwa bapa la rangi ya chungwa.

Halafu futa lenzi. Nasema kweli. Alama moja ya kidole kwenye kioo cha mbele, mwanga ukija uso kwa uso, inamwaga ukungu kwenye vivuli vyote, na watu wanahangaika na vipimo wakati dawa ni kitambaa. Na hudi, ile kofia ya kukinga mwanga wa pembeni, isivuliwe.

Kamera_na_Harusi
Na hizo filta za bei poa za kulinda lenzi, zitoe kabla ya kupiga kuelekea dirishani. Zinaleta madoa ya mwanga katikati ya uso wa mtu.