Zermatt, kijiji cha skii Uswisi, nimeenda mara mbili, baridi na kiangazi, na mara zote nimepigwa

Wakuu, nilijisemea yaishe. Wiki mbili sasa, yamekataa kuisha.

Mimi ni mtu wa Moshi, naishi Freiburg. Ndiyo, mchaga kulipia theluji Uswisi ni kichekesho, mama keshanicheka vya kutosha, msijisumbue. Shida yangu ni huyu Mbongo mwenzetu anayetuuzia safari WhatsApp.

Februari alituahidi gari mpaka mlangoni mwa hoteli. Mlangoni! Zermatt magari ya mafuta ya wageni hayaingii. Unaishia Täsch, kijiji cha jirani, unapanda treni kama dakika 12, halafu unaburuza begi. Theluji imeganda njiani, magurudumu hayazunguki, unavuta begi kama mbuzi aliyegoma kwenda sokoni. Shemeji alianguka mara tatu kabla hata hajavaa skii. Na zile buti za "kila kitu kimelipiwa"? Dukani majina yetu hayamo, tukalipa upya. Mlima Matterhorn, ule wa kwenye picha zote za huko, ulijifunika mawingu siku zote tatu, hilo simlaumu mtu.

Nikasamehe. Ujinga wangu.

Akaja na ofa ya Julai: "skii mwaka mzima". Na hapo hakudanganya, ndicho kinachoniuma. Juu kwenye barafu ya Theodul watu wanateleza hata kiangazi. Asichosema ni kwamba kiangazi hiyo ni shughuli ya asubuhi. Jua likipanda theluji inakuwa uji, mchana wanafunga. Mwaka 2022 joto lilizidi mpaka wakasimamisha kabisa kwa muda. Sasa yeye katukatia treni ya saa tatu asubuhi kutoka Basel! Tumefika juu saa saba na nusu, skii begani, tunapishana na watu wanaoteremka. Mlinzi pale getini alitutazama kama watu waliofika harusini na sahani zao wakati masufuria yanaoshwa.

Na pale ni mita 3,883. Kwa waliopanda mlima wetu, ni juu kuliko kambi ya Horombo, ila Horombo unafika kwa miguu siku ya pili. Hapa umetoka kijijini muda si mrefu, unaning'inia kwenye kebo. Mke wangu alikaa kwenye ngazi kashika kichwa, hataki hata picha. Tikiti ni ya siku hiyo tu.

Kesho yake tulipanda treni ya Gornergrat, tukatembea hadi ziwa la Riffelsee. Matterhorn yote imo majini, imegeuka kichwa chini. Pazuri mno, kwa hela yetu nyingine.

Nilipomdai alijibu, "Kaka, si theluji mmeiona?" Kisha akaniblock.

Mliolipia safari yake ya Desemba, pigeni simu hotelini wenyewe, leo, muulize kama majina yenu yapo. Na wewe uliyeniambia kule kwenye grupu kuwa jamaa ni mwaminifu, naomba upite hapa.