Re: Bomba limepasuka darini, bima wanakuja Alhamisi

Habari za humu wapendwa. Hii baridi imepasua bomba la juu ya dari hapa kwetu Houston, maji yameshuka mpaka sebuleni, zulia lote limelowa na makabati ya jikoni yameanza kuvimba. Bima nimeshawapigia, ajasta (mkaguzi wao wa hasara) anakuja Alhamisi. Je niguse kitu au niache hivyo hivyo aone mwenyewe? Halafu kuna jamaa kontrakta (fundi wa ukarabati) kagonga mlango anasema yeye ataongea na bima na ile didaktibo (sehemu ya hasara ninayotakiwa kujilipia mwenyewe) ataniondolea. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.
Mama Mapacha

---

Pole sana dada. Usiache hivyo hivyo mpaka Alhamisi! Mkataba wa bima wenyewe unakutaka uzuie hasara isizidi, na ukungu haungoji ajasta, siku moja mbili tu unaanza kuota ukutani. Funga koki kubwa, halafu kabla hujatoa kitu piga video chumba kwa chumba, fungua kabati, onyesha alama ya maji yalipofika ukutani na ile stika ya nyuma ya friji yenye namba. Baada ya hapo toa zulia, washa mafeni. Kata kipande cha zulia utunze, na kile kipande cha bomba kilichopasuka mwambie fundi asiondoke nacho, mafundi wa huku wanatupa kila kitu ukigeuza mgongo.

Huyo wa mlangoni achana naye. Texas tangu 2019 kontrakta akikufutia didaktibo anavunja sheria, na hata kukutetea kwa bima haruhusiwi kama ndo yeye anayekarabati. Ukitaka wa kukutetea wapo wenye leseni ya kazi hiyo, ila ada yao inaweza kufika asilimia 10 ya malipo, mimi kwa klemu (madai ya bima) ndogo nisingehangaika.

Sasa hela. Cheki ya kwanza itakuwa ndogo, usilie. Kama bima yako ni ile ya kulipa bei ya kitu kipya, wanakata kwanza uchakavu wa zulia na makabati yako ya zamani pamoja na didaktibo, wanakupa kinachobaki, halafu ule uchakavu wanaurudisha ukishatengeneza na kutuma risiti. Watu wetu wengi wanachukua hiyo ya kwanza wanashukuru Mungu wanakaa kimya, hela inabaki hukohuko. Uliza kwa imeili, siyo simu, uchakavu wameshika shilingi ngapi (dola bwana, mazoea) na mwisho wa kuudai ni lini.

Wakishapata karatasi zote walizoomba wana siku 15 za kazi kukujibu ndiyo au hapana. Wakizungusha, Texas Department of Insurance (idara ya bima ya jimbo) wanapokea malalamiko bure.
Mzee wa Katy

---

Naongezea kidogo. Watakuuliza kama hita ilikuwa inawaka, kwa hiyo bili ya umeme iwe karibu. Wanaokwenda nyumbani Disemba msizime hita kabisa eti mnabana matumizi, hapo ndo klemu za bomba zinapokataliwa. Na mliopanga, bima ya mwenye nyumba haigusi sofa wala TV yako. Mafuriko nayo ni bima nyingine kabisa, ile ya serikali kwa kawaida unasubiri siku 30 ndo ianze, waliokuwa hapa wakati wa kimbunga Harvey 2017 wanaelewa.

---

Asanteni sana jamani, ajasta kaja na cheki imefika, ila ina jina langu na la benki ya mogeji (mkopo wa nyumba)?? Nifanyeje?
Mama Mapacha

---

Ndo kawaida dada, nyumba bado ni dhamana yao. Usiipeleke benki yako kwanza. Pigia wenye mogeji, uliza kitengo cha cheki za bima, watakutumia fomu. Ikiwa kubwa wanaitoa kidogo kidogo kazi ikiendelea, kwa hiyo fundi asianze kabla hamjakubaliana atalipwa kwa awamu.
Mzee wa Katy