Bia ya pipa Uingereza: ndivyo ilivyo, au niliuziwa iliyochacha?

Mangi_wa_Kibosho:
Wakuu, salaam. Niko Reading kwa dada yangu tangu mwanzo wa mwezi. Jumamosi shemeji, Mwingereza wa hapahapa, alinipeleka baa moja ya zamani, dari iko chini hadi unainama. Akasema hapa usiguse lager, kunywa bia ya pipa kama sisi. Mhudumu akavuta mpini mara tatu nne, glasi ikajaa. Wakuu, haikuwa baridi. Gesi hakuna. Ina ukungu, na mwishoni ikanikata koo kama siki. Nilimaliza kwa heshima ya shemeji, maana ndiye aliyelipa.

Jumanne anataka twende London, ile George Inn ya Southwark, tuonje tena. Je, bia yenyewe ndivyo ilivyo? Na nikifika niagize nini nisijiaibishe?

Wanjiru_Leeds:
Lakini hata kwetu wazee si huulizwa "ya moto au baridi?" na wanachukua ya moto? Pole lakini. Hiyo ya siki haikuwa sawa.

MtuWaPipa:
Nilifanya kazi miaka sita kwenye baa ya kijijini huko Kent, minne kati ya hiyo nikiwa ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya chini, kwa hiyo mnivumilie nikiongea sana.

Mangi, mtu wa Kibosho unauliza swali hili? Hiyo ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi! Bia ya chupa imechujwa, chachu imeondolewa, ndiyo maana inakaa miezi. Ya pipa inatoka kiwandani chachu ikiwa hai na inaendelea kuchachuka humo humo, chini ya miguu ya wanywaji. Hakuna anayepulizia gesi. Povu unaloliona limetengenezwa na chachu yenyewe, na mpini ule ni pampu tu ya kuipandisha kutoka chini. Inanyweka ikiwa nyuzi 11 hadi 13. Huo si uvuguvugu, ni ubaridi wa maji ya mfereji kwenu asubuhi ya Julai. Ukiigandisha kama lager ulimi unakufa ganzi, husikii kimea wala hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu.

Sasa siki. Pipa la kawaida huitwa firkin, galoni 9, yaani lita 41 hivi, painti 72 (painti ni glasi yao kubwa, zaidi kidogo ya nusu lita) kwa hesabu ya karatasi, ila mashapo yanakula kadhaa. Likifika unalilaza ubavu na huligusi tena, ukilitikisa umelivuruga. Juu unapigilia kijiti cha mti laini, gesi iliyozidi ipumue polepole. Ndani kumewekwa dawa ya kuvuta chachu chini, na dawa hiyo kwa asili ni mabondo ya samaki, vile vifuko vya hewa vya tumboni, ndugu wa yale ya sangara wanayouziana Mwanza. (Mara ya kwanza kuambiwa nilidhani wananitania.) Unasubiri siku moja, mbili, unaonja, ndipo unafungua. Kuanzia hapo kila painti inayotoka, hewa inaingia kuziba nafasi yake, na hewa ndiyo adui. Una siku tatu. Baa yenye wateja wengi pipa linaisha kabla. Baa yenye wateja wanne na mbwa, siku ya tano wanauza siki, na wewe ukauziwa.

Ukungu peke yake usikutishe, siku hizi wako wanaoacha mabondo makusudi. Ukungu pamoja na siki, rudisha. Usigombe, na usisubiri ufike nusu ya glasi. Sema tu unahisi pipa limefika mwisho. Mimi nimebadilisha painti nyingi sana za watu na sikuwahi kununa. Niliponuna ni kwa mtu aliyenirudishia glasi tupu.

George utaipenda. Southwark iliungua 1676, wakaijenga upya 1677 kwa mtindo wa nyumba za wasafiri wa magari ya farasi, uwanja mbele na vibaraza vya mbao ghorofani. Vibaraza vilikuwa pande tatu, kampuni ya reli ikabomoa mbili mwaka 1889. Huo uliobaki ndio wa mwisho wa aina yake London nzima, na tangu 1937 ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Kimojawapo cha vyumba vya chini ndimo abiria walimosubiri gari lao. Kaa humo, si uwanjani na watalii.

Mara nyingi utakuta Abbot Ale ya kiwanda cha Greene King, asilimia 5, chukua nusu painti tu. Kisha tembea kidogo hadi baa ya Royal Oak, Tabard Street. Haina makuu kwa nje. Ni ya Harvey's, watengeneza bia wa Lewes, na bia yao ya Sussex Best inachachushwa kwa chachu ambayo wameilea vizazi na vizazi tangu 1957. Kanunue mwenyewe kaunta, hakuna atakayekufuata mezani, na shemeji akinunua raundi moja inayofuata ni yako.

Wanjiru_Leeds:
Yote sawa, lakini huku kaskazini tunafunga kofia ndogo yenye vitundu mdomoni mwa bomba, bia inatoka na povu zito kama maziwa. Nenda baa ya Whitelock's, iko kwenye kichochoro hapa Leeds tangu 1715, uone bia ilivyovaa. Za London ziko uchi.

MtuWaPipa:
Dada, hicho kikofia kinaipiga bia hadi uchungu wa hopsi unahamia kwenye povu. Kent tungekufukuza. Lakini Whitelock's nakubali.

Bint_Forodhani:
Mie sinywi, ila majengo ya kale nayapenda. Ntaingia George bila kuagiza pombe? Hawatonitazama vibaya?

MtuWaPipa:
Karibu sana, bibie. Kahawa ipo, soda ya ndimu ipo, chakula kipo. Watoto wenyewe wanaingia na wazazi wao. Panda macho uangalie mbao za sakafu ya juu zilivyopinda.

Mangi_wa_Kibosho:
Wakuu, mrejesho. Tulienda. Abbot niliiomba kionjo kwanza, wakanipa kidogo bure. Tofi na zabibu kavu, halafu inapanda kichwani taratibu, nusu ilitosha. Ile ya Harvey's ndiyo iliyonimaliza. Mwanzo mkate uliobabuka, mwisho uchungu mkavu, nikasema huu si msesewa huu? Ni lile gome la mbege kabisa. Nikanywa painti mbili na sikuitafuta friji.

Raundi yangu ilipofika nikamuuliza shemeji anatumia nini. Akatazama chini, akaagiza lager ya baridi. Kumbe ile Jumamosi yake nayo ilikuwa siki, akaimaliza kwa heshima yangu.