Binti yetu hawezi kula ngano: je, nyumba nzima tuiache, au yeye peke yake?

Mama wa Watatu, Chake Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wale wenye mgonjwa wa seliaki nyumbani, yaani ugonjwa wa utumbo unaoletwa na kula ngano, kwani hapa Pemba sijampata mtu wa kukaa naye tukalizungumza jambo hili kwa kituo.

Binti yangu ana miaka 9. Kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa anaharisha mara kwa mara, tumbo limemjaa, hakui kama wenzake, na damu yake ikawa haipandi hata alipomeza vidonge vya madini ya chuma miezi na miezi. Tulimpa dawa za minyoo, tukampima kichocho, kwa kuwa hayo ndiyo maradhi tuliyoyazoea kisiwani, na hakuna kilichobadilika. Miezi minne iliyopita tulimpeleka Dar es Salaam, akapimwa damu, kisha akachukuliwa vinyama vidogo vya utumbo mwembamba, na hapo ndipo tulipoambiwa kuwa ni seliaki na kwamba dawa yake ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii ya ngano) maisha yake yote.

Nafuu tumeiona, alhamdulillah. Shida yangu sasa ni nyumba. Tunaishi watu kumi na mmoja pamoja na mama mkwe na mawifi zangu. Asubuhi ni chai na boflo, usiku tunakaa kwenye sinia. Baba yake anataka ngano isiingie tena ndani. Mama mkwe, ambaye ninampenda na kumheshimu, anaona mtoto apikiwe chake, na kwamba akionja kidogo hakitamdhuru. Kwa sasa binti anakula peke yake kwenye sahani yake. Ijumaa iliyopita alilia alipowaona wenzake wamelizunguka sinia, na sijaweza kulisahau lile. Ramadhani inakuja, na futari ya kwetu mnaijua. Nyinyi mlifanyaje?

Baba wa Kijana, Unguja Mjini

Wa alaykum salaam dada yangu. Kijana wangu sasa ana miaka 15, naye aligunduliwa akiwa na miaka 7. Sisi tulianza kama mnavyofanya nyinyi, chakula chake mbali na chetu mbali, na kwa mwaka mzima hakupona vizuri, kwa sababu jiko lilikuwa moja. Sambusa zilikaangwa, kisha muhogo wake ukakaangwa katika mafuta yale yale. Chapati zilichomwa, kisha vibibi vyake vikamiminwa kwenye chuma kile kile. Mwiko mmoja ulikoroga mchuzi ulioongezwa uzito kwa unga wa ngano, ukahamia kwenye chungu chake. Hakuna aliyekusudia kumdhuru, lakini kila siku alikuwa anakula gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ambayo ndiyo inayomdhuru.

Tulichokubaliana hatimaye ni hiki: kila kinachopikwa nyumbani, kipikwe bila ngano kwa ajili ya wote. Unga wa ngano hauingii ndani kabisa, kwa sababu ukichekechwa hupaa hewani na kutua juu ya kila kitu. Anayetaka boflo hununua lililokwisha okwa, akalila kwenye mkeka wa ukumbini pamoja na chai yake, kisha akanawa mikono. Nilinunua chuma kipya, miiko mipya na chekecheo jipya, na vyote nikavifunga kitambaa chekundu ili hata mgeni akiingia jikoni avitambue.

Kuhusu sinia, nakuomba mlitazame kwa namna nyingine. Msimwondoe mtoto kwenye sinia, uondoeni mkate. Ugali, wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, ndizi, vyote hivyo anaweza kuvila na wenzake kwa mkono mmoja, ilimradi asiwepo mtu anayechovya kipande cha chapati katika mchuzi wa pamoja. Kwetu jambo hilo moja lilimrudishia mtoto raha yake kuliko chakula chochote maalumu nilichowahi kumnunulia, na vile vya dukani vyenye maandishi ya kwamba havina gluteni ni ghali mno na aghalabu havishibishi.

Mtaalamu wa Lishe, Unguja

Naunga mkono maelezo ya ndugu hapo juu, lakini kuna jambo moja la haraka ambalo Mama wa Watatu hana budi kulitanguliza. Msiwaachishe ngano wale watoto wengine wawili kabla hawajapimwa. Seliaki hufuata damu ya ukoo: katika kila ndugu au wazazi kumi wa mgonjwa, takriban mmoja huwa nao, na wengi wao hawana dalili wanayoiona. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale tu mtu anapokula gluteni. Mkiacha ngano leo na kupima baada ya miezi sita, kipimo kinaweza kuonyesha kuwa mtoto ni mzima ilhali si mzima. Kwa hiyo pimeni kwanza, wewe na baba yao pia, kisha ndipo muiache. Mwambieni daktari apime na jumla ya kingamwili aina ya IgA, kwani wapo watu ambao miili yao huitengeneza kwa uchache sana, na kwao kipimo cha kawaida hakifai. Majibu yakitoka safi, bado yafaa kurudia baada ya miaka kadhaa, maana ugonjwa huu huweza kuanza wakati wowote wa maisha.

Sasa kuhusu neno la mama mkwe, kwamba kidogo hakidhuru. Ni neno la mapenzi, na kwa maradhi mengi ya tumbo lingekuwa sawa. Hapa si suala la kipimo cha tumbo kubeba chakula kizito. Kinga ya mwili inapoitambua gluteni huushambulia utumbo wenyewe, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala na kutoweka. Ndiyo sababu vidonge vya chuma havikumsaidia binti yako: vilikuwa vinapita tu. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni, na uchunguzi umeonyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, zikiendelea kwa takriban miezi mitatu, zinatosha kuuharibu utumbo tena. Kigaweni kipande hicho sehemu arubaini, kisha mwonyesheni mama sehemu moja tu. Ni kama makombo yanayobaki kwenye kitambaa cha meza. Tena mtoto anaweza asihisi chochote siku hiyo, na madhara yakaendelea kimya kimya.

Huenda pia ikamsaidia mama kujua jinsi jambo hili lilivyothibitishwa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipokosekana nchini kwao, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu katikati ya njaa, na mkate uliporudi, wakaugua tena. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao, kama nisikiavyo watu wakisema. Miongoni mwa watoto wa Sahara Magharibi umeonekana kwa wingi kuliko Ulaya.

Nyongeza fupi: uangalieni unga wa lishe unaouzwa umechanganywa, kwani mara nyingi huwa na ngano ndani, pamoja na vinywaji vya kimea, ambavyo asili yake ni shayiri, na baadhi ya vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi.

Bibi wa Wete

Mwanangu, nimeyasoma yote, nami nina mjukuu mwenye hali hiyo hiyo, basi nitasema la jikoni.

Usiiogope Ramadhani. Tazama futari yetu: muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, shelisheli, maharage, uji wa mtama au wa mchele. Katika hivyo vyote ngano iko wapi? Iko kwenye tambi, sambusa, kaimati, chapati na mkate wa mayai. Hivyo ndivyo vinavyoondoka, na mahali pake panajazwa na mkate wa kumimina, vitumbua na vibibi, vyote vya mchele. Roweka mchele tangu jana yake, usage na tui zito, hamira, iliki na sukari, uache uumuke. Mkate wa kumimina ukiupalilia makaa juu ukapata rangi, hakuna atakayeulizia boflo. Ila usinunue vya njiani bila kuuliza, kwani siku hizi baadhi ya wapishi hutia unga wa ngano kidogo katika vibibi ili vishikane. Mkate wa mofa nao asili yake ni mtama, lakini wapo wanaouchanganya, basi uliza. Urojo nao rojo lake hutiwa unga wa ngano, hata kama bajia zake ni za dengu. Mjukuu wangu nampikia nyumbani, nalitia rojo unga wa mchele pamoja na embe bichi na ndimu, na watoto wa jirani huja kuomba.

Bokoboko la Idi ndilo lililonisumbua, kwa kuwa ngano ndiyo yenyewe. Sasa napika la mchele na kuku, nalipiga kwa mwiko mpaka livutike, kisha namwagia samli na kitunguu cha kukaanga. Mwaka wa kwanza wazee walinung'unika. Mwaka wa pili waliomba waongezewe.

Usipeleke mchele wako kwenye mashine inayosaga kila nafaka. Twanga nyumbani, au tumia mashine ndogo ya umeme ambayo ni yake peke yake. Na kinu chenu, kama kimewahi kutwangiwa ngano ya bokoboko, msikitumie kwa ajili yake. Mti hunywa, haufuliki ukatakata.

Mama mkwe wako mpe kazi, usimpe amri. Mwombe akufundishe mapishi ya mchele ya zamani zake. Mimi nililetewa karatasi ya mambo yaliyokatazwa nikaona nimevuliwa jiko langu, na nilichelewa sana kukubali kwa sababu hiyo.

Mama wa Watatu, Chake Chake

Shikamoo bibi, na nawashukuru nyote. Nimemsomea mama mkwe maneno haya yote kwa sauti. Aliposikia habari ya sehemu moja kati ya arubaini, alichukua kipande cha boflo akaanza kukikata mwenyewe kwa kisu, na alipofika kwenye kile kidogo kabisa alikiweka kiganjani akakitazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu wakati ule.

Ndugu zake watapimwa wiki ijayo pamoja na mimi na baba yao, na mpaka majibu yatoke wataendelea na boflo lao ukumbini. Baada ya hapo ngano haitapikwa tena nyumbani. Kuhusu sinia tumeshaanza tangu jana: wali, changu wa kupaka na mchicha, bila chapati, na binti alikaa baina ya bibi yake na kaka yake.

Nilimuuliza mama mkwe kuhusu kinu. Alisema alipewa na mama yake, na kimetwangiwa ngano ya Idi tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Leo asubuhi amekipeleka kwa wifi yake, kisha akamtuma mume wangu kwa seremala akachongeshe kipya.